Miguu ya Kawaida ya Mji wa Minakose

Kwanza zililia kengele nne, kila moja chini kidogo ya iliyotangulia, kama mtu anayeshuka ngazi kwa heshima. Zilitoka kwenye vipaza sauti vilivyofungwa juu ya nguzo za mji mzima, saa moja kamili asubuhi. Kwa kawaida kengele hizo zikilia saa hiyo, ama dubu ameshuka kutoka mlimani, ama kuna mzee aliyetoka nyumbani na nguo za kulalia na hajarudi. Watu wakaacha kutafuna.

"Hii ni Ofisi ya Mji," ikasema sauti ya kike isiyokuwa na haraka. "Mstahiki Meya anayo furaha kuwatangazia wakazi wote kwamba tatizo la viatu limekwisha. Kuanzia tarehe mosi Aprili, kila mkazi wa Minakose atakuwa na mguu wa kawaida. Mnaombwa kutoa ushirikiano. Tunarudia."

Ikarudia. Chizuru Onodera alikuwa amesimama mlangoni kwa mguu mmoja, ule mwingine akiusukuma ndani ya kiatu kwa kijiko cha kuvalia. Mama yake, mbele ya bakuli la supu, akasema kwa upande wake angependelea dubu.

Jambo hili lilikuwa na historia yake, na historia hiyo ilikuwa ya maana. Vuli iliyopita wageni kutoka mji jirani walitembelea Ofisi ya Mji wa Minakose. Wakavua viatu mlangoni kama watu wote, wakafungua kabati la viatu vya ndani, na humo wakakuta vikubwa vimekaa juu ya vidogo, vipana vimeegemea vyembamba, bila mpango wowote. Wageni hawakusema kitu. Kutosema kwao kulimuumiza sana Mstahiki Meya Ujiie. Mwezi huohuo akaunda Kitengo cha Ulinganifu wa Nyayo, chini ya Bwana Kakei, akampa manaibu wawili na mashine ya kunakili.

Kitengo kilifanya kazi miezi mitano. Kilipima miguu ya watu mia tatu na kumi na wawili, wakiwemo watoto wa chekechea, ili mtu asije akasema watoto wamebaguliwa. Mguu wa Mstahiki Meya, kwa kuwa ana shughuli nyingi, ulipimwa kwa njia ya simu, ukakutwa na sentimita ishirini na tano kamili. Vipimo vyote vikajumlishwa, vikagawanywa, na matokeo yakaduwaza wataalamu kwa unyoofu wake: mguu wa mwanamke wa Minakose una sentimita ishirini na tatu, na wa mwanamume una sentimita ishirini na tano, sawasawa na ule wa Mstahiki Meya. Kitengo kilimpongeza kwa simu hiyohiyo.

Waraka uliotoka ulikuwa na kurasa arobaini na ulisomeka vizuri. Haukumkataza mtu kuwa na mguu mkubwa. Ulisema tu kwamba mguu wa namna hiyo hautambuliki.

Mguu wa Chizuru ulikuwa na sentimita ishirini na saba, na kwa mbele ulitanuka kama mwiko wa wali. Aliurithi kwa bibi yake, aliyepanda mpunga kwenye matope miaka hamsini na hakuwahi kuteleza. Bibi aliacha shamba dogo, sufuria la chuma, na miguu. Shamba waligawana wajomba.

Kwa miaka sita Chizuru alikuwa mtumishi wa muda katika Dirisha Namba Tatu, Vyeti na Mihuri. Kila Machi mkataba wake uliongezwa mwaka mmoja, kila Aprili aliahidiwa kufikiriwa, na mwaka huu, baada ya kufikiriwa mara sita, jina lake lilitokea kwenye orodha ya watu wanne watakaoapishwa kuwa watumishi wa kudumu. Mwisho wa kuajiriwa ni miaka thelathini na mitano. Yeye angeitimiza Mei. Hapakuwa na mara ya saba.

Ukurasa wa thelathini na moja wa waraka ulieleza kwamba anayeapishwa atavaa viatu vya ndani vyeusi, vya kike kwa wanawake, vya kipimo cha kawaida, na atakaguliwa penye ngazi za jukwaa kwa kisanduku maalumu cha mbao. Atakayeshindwa kuenea kwenye kisanduku atahesabiwa kuwa hakufika.

Zilikuwa zimebaki siku kumi.

Duka la kwanza lilikuwa karibu na stesheni. Muuzaji, kijana mwenye nywele zilizochanwa kwa bidii, alipiga magoti, akaushika mguu wa Chizuru kwa mikono miwili, kisha akavuta hewa polepole katikati ya meno. Huko Minakose sauti hiyo ni sentensi kamili ya kusema haiwezekani, na haina haja ya kuongezewa neno. Akaongeza hata hivyo: akauliza kama dada ana kaka anayemnunulia viatu.

Duka la pili walitoa kwa siri, chini ya kaunta, jozi ya ishirini na nne na nusu, kubwa kuliko zote za kike zilizowahi kuonekana pale. Vidole vya Chizuru viliingia. Sehemu iliyobaki ilikaa nje.

"Vitalegea," muuzaji akamfariji.

"Viatu au miguu?"

"Kimojawapo."

Duka la tatu lilikuwa la Bi Towa, kwenye ule mtaa wenye paa ambao maduka yake mengi yameshusha vyuma na hayajavipandisha tena. Bi Towa alikuwa na miaka sabini na minane, na ulimi wake ulikuwa mdogo kwa umri.

"Lete huo mguu, mwanangu. Usiufiche kama mwali."

Chizuru akautoa. Bi Towa akaupakata, akaugeuza, akabonyeza sugu ya kidole kidogo kama anayekagua tikiti.

"Mbona mguu mzuri. Huu ni mguu wa mtu aliyekusudia kusimama."

"Bibi, naomba ishirini na tatu nyeusi."

"Ishirini na tatu nikuvalishe wapi? Kwenye dole gumba?"

Chizuru akamweleza habari ya kiapo, kisanduku na Mei. Bi Towa alisikiliza huku bado ameushika mguu. Kisha akasema watu wa Kitengo walikuja wakaorodhesha viatu vyote visivyotambulika ili wavichukue, naye akaviwahi, akavijaza kwenye beseni la kuogea na kuvifunika mbao. Tangu siku hiyo anaoga kwenye bafu la mtaa. Lakini jozi kubwa haina faida hapa, maana kisanduku hakisomi namba, kinapima.

"Ungekuwa na cheo ningekusaidia," alisema. "Nina mteja mmoja, mwanamume mzito, anaingia kwa mlango wa jikoni miaka ishirini sasa. Mguu wake ishirini na tisa, mpana kama godoro. Namshonea, halafu ndani namgongea ishirini na tano ili alale vizuri."

"Nani huyo, Bibi?"

"Niliapa sitamtaja. Ana sauti nzuri ya kuhutubia."

Kilichobaki kilikuwa Fomu Namba Tisa, Ombi la Mguu wa Kipekee, iliyotajwa kwenye ukurasa wa mwisho wa waraka. Ilipokelewa katika Dirisha Namba Tatu.

Kesho yake, saa ya chakula cha mchana, Chizuru aliweka kibao cha NIMETOKA KIDOGO kwenye dirisha lake, akazunguka hadi upande wa wananchi, akavuta tikiti namba arobaini na moja, akaketi kwenye benchi. Alisubiri dakika nane, kwa kuwa huo ndio wastani. Kisha akazunguka ndani, akaita "Namba arobaini na moja," akazunguka nje, akaiweka fomu kaunta kwa mikono miwili, akashukuru, akarudi kitini.

Msije mkamdhania mjinga. Angeweza kuipiga mhuri palepale, na hakuna ambaye angejua. Lakini katika miaka sita hakuna fomu isiyokamilika iliyowahi kupita mbele yake, hata ya jirani, hata ya mmoja wa wajomba waliogawana shamba, na hilo ndilo jambo pekee pale ofisini ambalo halikuwa la muda.

Akaisoma. Kiambatisho kilikosekana: cheti cha muuza viatu kinachothibitisha kwamba mguu wa mwombaji hauingii kwenye kiatu cha kawaida. Chini yake palikuwa na maelezo kwa herufi ndogo, kwamba vyeti hivyo havitolewi, kwa sababu mguu wa namna hiyo hautambuliki. Chizuru akayasoma maelezo mara mbili, akajiandikia barua fupi ya masikitiko, akachovya mhuri kwenye wino mwekundu na kupiga: IMEKATALIWA.

Bwana Kakei alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe cha chai. Alikuwa mtu mwembamba ambaye maisha yake yote hajawahi kukosea mstari.

"Umejikataa vizuri, Bi Onodera," alisema. "Bila upendeleo. Watu kama wewe ndio tunaowahitaji katika ajira ya kudumu."

"Asante, Mkuu wa Kitengo. Sasa nitaipataje?"

"Kwa kuvaa ishirini na tatu," akasema, akaondoka na chai yake.

Jioni ya kuamkia kiapo, Bi Towa alichukua jozi nyeusi ya ishirini na tatu, akaipasua kwa nyuma kwa kisu cha kukatia ngozi, ili mguu uingie mpaka katikati na kisigino kining'inie nje. Akamwambia Chizuru asimame atazame kwenye kioo.

"Nusu ndani, nusu nje," alisema. "Ndivyo walivyokuajiri miaka sita. Labda hawatashtuka."

Tarehe mosi Aprili, watu mia sita walikusanyika katika ukumbi wa mazoezi wa shule, ambao sakafu yake ya mbao haijawahi kuguswa na kiatu cha nje. Wote walikuwa na miguu ya kawaida. Walitembea kwa hatua fupi wakishikilia kuta, na wengi walipoketi walitoa pumzi kwa pamoja, sauti ambayo taarifa rasmi iliitaja baadaye kuwa ya matumaini.

Mstahiki Meya Ujiie alifika na mfuko wa hariri wenye viatu vyake vya ndani. Mlinzi wa mlango alikuwa mpya kazini na alikuwa ameusoma waraka wote, kosa ambalo hakuna mwingine aliyelifanya. Akainama mpaka kiunoni, akaupokea mfuko, akasema kwamba kwa mujibu wa ukurasa wa kumi na mbili viatu vya ndani vya binafsi haviruhusiwi. Akamsogezea jozi ya ishirini na tano.

Meya hakuweza kueleza kwa nini hazimfai. Angeeleza nini? Ishirini na tano ni yeye. Akaingia kwenye viatu vile mbele ya macho ya madiwani wote, akitabasamu, na mshipa wa shingo yake ukasimama ukabaki umesimama. Baada ya dakika kumi aliomba radhi, akasema anakwenda kunawa mikono.

Penye kizingiti cha choo cha ukumbi ule palikuwa na jozi mbili za ndara, za mpira wa kahawia, pana, wazi nyuma, zilizozeeka kwa kukanyagwa na kila aina ya mguu. Kwenye pua ya kila ndara paliandikwa CHOO kwa rangi ya dhahabu. Kitengo hakikuzigusa, kwa sababu vyoo viko chini ya Idara ya Maji. Mtoto wa Minakose akiwa na miaka miwili anajua kwamba unaingia nazo na kuziacha hapohapo, hazivuki kizingiti. Na hakuna mtu mzima wa Minakose ambaye hajawahi, walau mara moja, akiwa na mawazo, kutoka nazo mpaka sebuleni mbele ya wakwe. Hilo mtu halisahau mpaka anaingia kaburini.

Wakati huo Chizuru alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya ukumbi, karibu na mlango huo wa choo. Alikuwa ameshafika penye ngazi za jukwaa. Bwana Kakei alimsimamisha, akateremsha kisanduku cha mbao juu ya mguu wake, akainama, akainuka.

"Kisigino chako kiko nje ya waraka," alisema. "Sentimita nne."

Akampa muda mpaka kiapo kianze ili akirudishe ndani. Chizuru alikuwa anajaribu kukirudisha. Soksi yake ilikuwa imeanza kuwa nyekundu.

Mlango wa choo ukafunguka, Mstahiki Meya akatoka. Uso wake ulikuwa umelainika kama wa mtu aliyetoka kuoga maji ya moto. Chizuru akasimama, akainama, na kwa kuwa aliinama, aliona. CHOO, kulia. CHOO, kushoto.

"Mstahiki Meya, samahani sana. Kuna jambo kuhusu vi..."

Meya akainua kiganja. "Mambo ya viatu yana fomu yake, dada. Namba Tisa. Peleka dirishani."

Akaondoka kuelekea ukumbini, na ndara zikamfuata zikisema pah, pah, pah kwenye sakafu iliyong'arishwa.

Chizuru alisikiliza mpaka zikaisha. Kisha akatazama ndani ya kizingiti. Jozi ya ishirini na tano ilikuwa imetupwa pembeni, imepasuka mishono yote miwili. Alikumbuka godoro. Alikumbuka mlango wa jikoni. Akajivua viatu vyake vya nusu na nusu, akaviweka sambamba na vile vya Meya, ncha zikielekea nje kama adabu inavyotaka, akaingiza miguu katika jozi ya pili ya ndara.

Zilimkaa. Alisimama kidogo, bila sababu, kwa raha ya kusimama tu.

Penye ngazi, Bwana Kakei alikuwa na daftari mkononi. Dakika mbili kabla, Mstahiki Meya alipita mbele yake. Kakei aliziona ndara. Alikuwa na kisanduku, alikuwa na kalamu, alikuwa na kurasa arobaini. Lakini mtu wa chini hamwambii mkubwa wake kwamba ametoka na ndara za chooni. Hilo liko nje ya kurasa zote, na lilikuwepo kabla ya karatasi. Mbele ya jina la Meya aliandika: Sawa.

Sasa Chizuru alikuwa mbele yake.

"Hizo ni za chooni," alisema Kakei kwa sauti ya chini.

"Ndiyo, Mkuu wa Kitengo. Kama za Mstahiki Meya."

Kakei akatazama daftari. Neno Sawa lilikuwa bado halijakauka. Akiandika kwamba za huyu hazifai, mistari miwili juu yake patakuwa na uongo, na uongo huo una mwandiko wake. Akavuta hewa katikati ya meno, ndefu kuliko hewa yoyote iliyowahi kuvutwa Minakose. Kisha akaandika.

"Panda," alisema. "Na utembee polepole."

Jukwaani Mstahiki Meya alikuwa ameanza kuhutubia, na kweli alikuwa na sauti nzuri. "Leo," alisema, "sisi ni mji wenye mguu mmoja." Watu wa safu ya mbele walikuwa wanachunguza dari. Mmoja alipata kikohozi. Bi Towa, safu ya tatu, alijifunika uso wote kwa leso, mabega yakimcheza, na jirani yake akadhani ni uchungu wa kizalendo akampapasa mgongo.

Zamu ya Chizuru ikafika. Akasimama mbele ya Meya, akasoma kiapo chake kwa sauti iliyofika nyuma: atawatumikia wakazi wote kwa haki, hatapendelea, hataogopa. Meya akamkabidhi karatasi ya ajira, akashusha macho kama desturi, akaona ndara za chooni kwenye jukwaa la mji wake. Damu ikampanda. Kinywa kikafunguka. Macho yake yakafuata mstari wa ubao wa sakafu kutoka kwenye ndara zile, taratibu, mpaka mwisho wa mstari, ambako palikuwa na miguu yake mwenyewe.

Alinyamaza muda mrefu kiasi kwamba ukumbi ukadhani ni utukufu, ukapiga makofi. Mpiga picha wa jarida la mji akapiga picha nzuri, ya urefu mzima.

Picha ikatoka ukurasa wa kwanza, ikaingia katika nyumba elfu nne. Kitengo kikakaa siku mbili mfululizo. Kuhusu Bi Onodera hapakuwa na ubishi: daftari lilisema Sawa, ameshaajiriwa, kwa hiyo miguu yake ni ya kawaida kuanzia sasa mpaka atakapostaafu, avae atakacho. Kuhusu Mstahiki Meya daftari nalo lilisema Sawa, lakini Idara ya Maji ilileta jozi ya ishirini na tano iliyookotwa kizingitini imepasuka, ikiomba maelekezo. Diwani mmoja akaomba mguu wa Meya upimwe tena, safari hii mguu ukiwepo. Na ukurasa wa thelathini na nane, ambao Meya aliuandika kwa mkono wake, ulisema kwamba kiongozi yeyote atakayeonekana hadharani na mguu usiotambulika awasilishe Fomu Namba Tisa ndani ya siku saba, la sivyo atahesabiwa kuwa hakuwahi kuchaguliwa.

Siku ya saba, saa ya chakula cha mchana, mtu mzito aliyevaa kofia aliingia Ofisi ya Mji, akavuta tikiti, akaketi kwenye benchi kati ya mama aliyebeba mtoto na mzee aliyekuja kusajili mhuri wa jina lake. Alisubiri dakika nane.

"Namba arobaini na moja," akaita Chizuru.

Alikuwa kwenye kiti chake, na miguuni alikuwa na jozi nyeusi ya ishirini na saba iliyotoka kwenye beseni la Bi Towa. Mtu yule akavua kofia. Akaisukuma fomu juu ya kaunta kwa mikono miwili, kwa namna ambayo hakuwa amemsukumia mtu kitu kwa miaka mingi.

Alieleza kwa sauti ya chini, sauti yake nzuri ikikwaruza, kwamba kila kitu kimejazwa isipokuwa kiambatisho. Alikwenda kwa Bi Towa mara tatu, kwa mlango wa mbele, na mara zote tatu ajuza yule alimsomea maelezo ya herufi ndogo mpaka mwisho.

"Bi Onodera," alisema, "wewe ni mwenzetu sasa. Kiapo chako nilikipokea mimi mwenyewe. Utaniangalizia?"

Chizuru akaipokea fomu. Akainyoosha, akaiweka mbele yake, akausogeza wino mwekundu karibu. Kisha akasimama kwa miguu yote miwili, akainama kwa heshima kamili.

"Nakuahidi, Mstahiki Meya," alisema. "Nitaishughulikia fomu yako kwa uangalifu uleule niliotumia kushughulikia ya kwangu."